Watu ishirini barabarani, kila mmoja anasema "fanyeni"

FundiWaKibarazani

Habari za jioni ndugu zangu, na wakubwa shikamooni. Mimi ni fundi cherehani, nakaa kibarazani Moshi mjini, hatua chache kutoka soko la kati, huu mwaka wa kumi na saba. Swali langu liko mwisho. Mwenye haraka ashuke chini, ila bila kisa chenyewe litaonekana swali la mtu aliyekosa kazi.

Jumanne iliyopita, saa tano kamili asubuhi, bodaboda alikuwa anapita mbele yetu, abiria wake amekumbatia kioo cha dirisha. Si kioo cha kujitazamia. Cha fremu nzima, kimefungwa magazeti kwenye kona tu. Kwa Moshi hilo si ajabu. Nimeshaona boda kabeba godoro, kabeba mbuzi wawili, kabeba mlango na bawaba zake. Mtoto wa shule akakatiza, boda akabana breki, kioo kikapasukia mikononi mwa abiria. Dereva aliinuka akajikung'uta suruali. Abiria alikaa chini palepale, anautazama mkono wake wa kulia kama wa mtu mwingine. Upande wa ndani, chini kidogo ya kiwiko, palikuwa wazi, na damu haikuwa inachuruzika. Ilikuwa inaruka, inatulia, inaruka.

Mimi nilikuwa nimesimama na mkasi mkono mmoja, mkono wa pili kitenge cha mteja, mita sita, cha sendofu ya binti yake. Nawaambia ukweli kwa kuwa hakuna anayenijua sura hapa: wazo la kwanza lililonijia ni kwamba kile kitenge mwenyewe anakuja kukichukua Ijumaa. Chini ya meza yangu lipo salfeti limejaa vipande vya nguo, poplini, shuka, mabaki ya sare za shule. Lipo hapo miaka yote. Sikulikumbuka.

Tulikuwa watu kama ishirini. Mmoja anasema pigeni simu. Mwingine, mpeni maji. Mwingine, msimguse, ngojeni polisi. Mpeni hewa. Mlazeni. Msimlaze, mkalisheni. Vijana wawili wanapiga video. Mama wa duka akatoka mbio na kopo la kahawa ya unga. Na mwanamke mmoja alikuwa anapiga kelele kuliko wote: "Jamani fanyeni kitu, mtu anakufa!" Huyo ni mimi.

Aliyefanya ni kuli wa sokoni. Alilitua gunia la vitunguu, akavua shati, akalikunja mara nne, akaukamata ule mkono na kuugandamiza kwa viganja viwili, uzito wake wote hapo. Akamtazama dereva wa bajaji: "Wewe. Washa." Mpaka wanaondoka, taarifa ya habari kwenye redio ya fundi viatu, iliyoanza kioo kikivunjika, ilikuwa imeshafika michezo.

Jioni yule kuli alirudi, kajifunika khanga aliyopewa na mtu. "Kashonwa, kalazwa, anaongea," akasema. Kisha akanitazama, akaitazama cherehani. "Na wewe fundi, si unashona?" Hakusema kwa ubaya. Lakini sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Sasa naomba msaada wenu. Mtu wa kawaida kama mimi, darasa la saba, aweke nini kibarazani na ajue nini, ili siku nyingine asisimame kama mlingoti? Nina kama elfu ishirini ya kununulia vitu. Na mwenzangu wa cherehani ya pili anasema nisiguse mtu kabisa, nitaitwa shahidi, nitadaiwa PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi. Ni kweli? Na je, kama si damu, mtu kaanguka tu?

MpandaMlima_Marangu

Pole sana mama. Mimi ni muongozaji wa wageni mlimani, miaka kumi na moja, zaidi njia ya Marangu na Machame. Huduma ya kwanza kwetu ni sehemu ya kazi, na cheti chake kina muda, kikiisha unarudi darasani. Nakwambia hilo ujue kwamba hata sisi tuliofundishwa mikono inasahau.

Kabla ya yote niongelee hayo maneno uliyoyaorodhesha. Pigeni, mpeni, mlazeni. Ukisema na kundi, kila mtu anaona anayesemeshwa ni wa pembeni yake. Mlimani hatusemi "mleteni oksijeni". Kazi zimegawanywa tangu getini, huyu anabaki na mgonjwa, huyu anashuka naye, huyu anaongoza wageni wengine, na dharura ikitokea tunamtaja mtu. Mjini humjui jina, basi mtaje kwa nguo, na kidole umnyooshee: "Wewe wa fulana ya Yanga, piga simu, ukimaliza rudi uniambie wamesema nini." Hilo la kurudi usiliache. Asiyeambiwa arudi atakwenda na simu yake mpaka kona, akili yake imetulia kwamba keshasaidia. Yule kuli alisema neno gani? "Wewe. Washa." Amefaulu mtihani wangu.

Namba za kuhifadhi leo hii: 112 ni polisi, 114 ni Zimamoto na Uokoaji. Ipo na 115, hiyo ni ya usafiri wa dharura wa mama mjamzito, mzazi na mtoto mchanga, na kwenye soko lenye akina mama wengi kama lenu haitakosa siku yake.

Ukifika kwenye tukio, mtu wa kwanza kumwangalia ni wewe mwenyewe. Vioo viko wapi, magari yanasimama au yanapita, kuna waya wa umeme chini, kuna harufu ya mafuta? Mnaikumbuka Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipopinduka. Wengi walikwenda kuchota, na waliokufa walipita mia, lakini ule moto haukuuliza nani kaja na ndoo na nani kaja kuokoa. Lori la mafuta likianguka, kazi yako ni kuwarudisha watu nyuma, basi.

Sasa damu. Kitambaa chochote safi, kikiwa kikavu, weka penyewe panapotoka, gandamiza kwa nguvu zako zote na usiachie. Watu hukosea hapa: wanagandamiza kidogo, wanafunua kuchungulia, wanagandamiza tena. Kila ukifunua unaondoa kile kilichoanza kuganda. Kikilowa, usikitoe, ongeza kingine juu yake. Kama kipande cha kioo kimebaki ndani, usikichomoe, gandamiza pembeni yake. Na mlaze mtu chini, asikae, maana aliyepoteza damu akizimia ameketi ataongeza na jeraha la kichwa.

Ikiwa ni mkono au mguu, umegandamiza na damu bado inaruka kama ulivyoeleza, ndipo unafunga mkanda wa kukaza. Hapa mafundi mna bahati kuliko sisi. Mkanda wa nguo imara, upana usipungue inchi 2, si kamba, si waya, si uzi wa kiatu, vyembamba vinakata nyama tu. Unafunga inchi 2 au 3 juu ya jeraha kuelekea mwilini, si juu ya kiungo. Kama jeraha liko chini ya kiwiko hivi, panda juu ya kiwiko. Funga fundo, weka kijiti kigumu juu yake, mfano mpini wa mwiko (penseli itavunjika), funga fundo la pili, kisha zungusha kijiti mpaka damu isimame, halafu kifunge kisirudi. Itamuuma, atakutukana, vumilia. Andika saa uliyofunga, hata kwenye paji la uso wake kwa kalamu. Na usilegeze kila baada ya muda kama tulivyokuwa tunaambiwa zamani. Atakayelegeza ni daktari.

Mafunzo waulize Msalaba Mwekundu, wanafundisha watu wa kawaida. Mimi pia nikishuka mlimani niko mjini siku tatu nne, nikipata ruhusa yako naweza kupita.

BabaWaWatatu

Maelezo mazuri ila kahawa msiidharau. Bibi yangu Kibosho alikuwa anaweka kahawa kwenye kidonda na damu inakauka palepale. Sisi Wachaga tumekua hivyo. Haya mambo ya vijiti ni ya wazungu.

Nesi_ZamuYaUsiku

Baba wa watatu, bibi yako mpe shikamoo yangu, ila mimi ndiye ninayeitoa hiyo kahawa kwa kibano, punje kwa punje, huku mgonjwa anapiga kelele. Kidonda kidogo cha jikoni kingekauka hata kwa kukitazama. Kile cha mkono wa huyu kaka, kopo zima lingeondoka na damu. Kinachozuia damu ni kule kugandamiza, kahawa inachukua sifa ya bure.

Nafanya kazi mapokezi ya dharura, hospitali siitaji. Nitawaambia vile tunavyovipokea vikiwa vimeshaharibiwa njiani. Aliyeungua kapakwa dawa ya meno, yai, unga wa ngano, mara nyingine mafuta ya breki. Jamani, kuungua ni maji. Maji ya bomba yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, si barafu, dakika 20 kwa kutazama saa. Mnazihesabu dakika za wali, hesabuni na hizi. Vua pete na saa kabla hajavimba, nguo iliyogandia ngozi iacheni, funika kwa kitambaa safi, mleteni. Sufuria ya supu inapomwagikia mtoto kwa mama ntilie, hizo dakika 20 ndizo zinazoamua atakaa wodini siku ngapi.

Kingine ni kunywesha. Mtu kapata ajali, hana fahamu sawasawa, mnampa maji, uji, soda. Yanaingia kwenye mapafu, au anafika chumba cha upasuaji tumbo limejaa. Usimpe kitu kinywani. Nje ya hapo ni mgonjwa wa kisukari anayetetemeka na kutoka jasho, ambaye bado ana fahamu na anameza vizuri. Huyo soda yenye sukari au chai ya sukari nyingi ni dawa yake. Akishazimia, hata yeye usimpe.

Fundi, uliuliza aliyeanguka tu. Mguse mabega yote mawili, mwite kwa sauti. Tazama kifua kama kinapanda, usizidishe sekunde 10. Akipumua vizuri lakini haitiki, mlaze ubavu, kichwa kimeinamia nyuma kidogo ili ulimi na matapishi visizibe njia, kaa naye. Kama hapumui, au anavuta pumzi moja, kimya kirefu, kisha nyingine kwa mkoromo, hiyo si pumzi, wengi wanadanganyika hapo. Moyo umesimama. Mlaze chali kwenye sakafu ngumu, piga magoti, kisigino cha kiganja katikati ya kifua, cha pili juu yake, viwiko vimenyooka, bonyeza. Mtu mzima kina chake ni inchi 2 na kidogo, tepu unayo shingoni, tazama ni umbali gani. Mara 100 mpaka 120 kwa dakika, na kila ukibonyeza uache kifua kirudi juu. Utachoka ndani ya dakika 2, kwa hiyo mwandae wa kukupokea. Kumpulizia mdomoni kama hujafundishwa acha, bonyeza tu. Mtoto au aliyezama maji ndiye anayehitaji pumzi zaidi, na hilo ndilo la kwenda kufundishwa. Ubongo unaanza kuharibika ndani ya dakika 4 hadi 6 bila hewa. Ile taarifa ya habari ya kwenye redio yako, fundi, ni ndefu kuliko hapo.

Mtu akisikia mbavu inalia kwa ndani ataogopa. Endelea. Mbavu tunatibu.

Kuhusu PF3. Kwenye zamu yangu mtu anayetoka damu tunaanza na damu, karatasi inafuata. PF3 inatakiwa, ndiyo, kwa ajali na kwa aliyepigwa, ila inaweza kwenda kuchukuliwa na ndugu au yeyote wakati mgonjwa yuko kitandani. Msimpitishe kituoni kwanza mtu anayekwisha.

Glavu zinunue. Zamani ningekwambia ingiza mkono kwenye mfuko wa rambo, ila tangu tarehe 1 Juni 2019 rambo zimepigwa marufuku, na hii mifuko ya siku hizi inapitisha damu kama chujio. Mfuko wa mkate unasaidia ukikosa kabisa.

BajajiPasua

Mimi ni dereva wa bajaji, si yule wa siku hiyo. Wote mnaongea vizuri ila hamjataja mtu anayebeba. Mwaka juzi nilimbeba mzee aliyegongwa na gari lililokimbia. Nikamfikisha. Kumbe kumfikisha ndiyo kosa, nikaulizwa ulimgongaje. Nimekaa benchi la kituo fulani mpaka saa nne usiku. Hesabu ya tajiri siku hiyo sikupeleka, kiti nimeosha mwenyewe kwa omo. Mzee akapona na wanawe wakaja kunishukuru, ndiyo, ila ile siku haikulipwa na mtu.

Kwa hiyo ninayoyafanya sasa ni haya. Sibebi peke yangu. Lazima apande mtu mwingine aliyeona tukio, ashike jeraha na awe mdomo wangu tukifika. Kabla sijawasha nasema kwa sauti, watu wote wasikie, "Mimi namsaidia, namba ya bajaji ni hii," na wale wanaopenda kupiga video nawaambia, piga hapo, piga namba, piga na mimi. Ndipo simu zao zinapata kazi ya maana.

Halafu si kila mtu ni wa bajaji. Huyo wa mkono, sawa. Aliyeanguka toka ghorofani au aliyerushwa na gari, analalamika shingo au mgongo, au hasikii miguu, mkimkunja kwenye kiti changu mnammaliza. Kama hakuna moto wala hatari ya kugongwa tena, mwacheni alale, mtu mmoja amshikilie kichwa kisicheze, mtafute kirikuu yenye bodi tambarare na ubao au mlango wa kumlazia, watu wanne au watano wamwinue kwa pamoja. Na kamwe msimweke mshikaki kwenye boda, katikati ya watu wawili, miguu inaburuza. Nimeyaona hayo hapahapa mjini.

La mwisho. Juni 12, 2021 nilikuwa kibanda umiza, Denmark na Finland, Eriksen akaanguka peke yake pale Copenhagen. Wenzake walifanya nini? Walimzunguka, wakampa mgongo ili watu wasimwone, madaktari wanabonyeza kifua katikati yao. Wengine walikuwa wanalia lakini hawakuondoka. Alipona, akarudi kucheza mpira. Sisi tunazunguka vizuri sana, ila nyuso tumeelekeza ndani na simu juu.

MkaziWaMajengo

Nyongeza fupi kwa kuwa wote tuko Moshi. Tarehe 1 Februari 2020 watu 20 walikufa hapa kwetu uwanjani Majengo, kwenye mkutano wa maombi, waking'ang'ania kupita penye mafuta ya upako. Nauzungumza kwa sababu watu wanadhani msongamano unaua kwa kukanyagwa tu. Unaua umesimama. Kifua kinabanwa kila upande, hakipanuki. Ukijikuta humo, mikono juu mbele ya kifua kama bondia, upate nafasi ya kuvuta hewa, usirudi kinyume na watu, jisogeze kwa kukata upande kidogo kidogo kila wanapolegea. Mtoto apande mabegani. Kitu kikianguka, simu hata viatu, kiache. Fundi, kibaraza chako kina njia ngapi za kutokea siku ya gulio kubwa?

FundiWaKibarazani

Asanteni sana, nimesoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, wenzangu wanasikiliza. Njia ni mbili, na ya nyuma imezibwa na makreti ya soda. Tunaliongea hilo.

Nesi mwanangu, nisamehe niongeze moja. Tuna kijana hapa anang'arisha viatu, ana kifafa. Akianguka, nusu ya watu wanakimbia wanasema mate yake yanaambukiza, nusu iliyobaki wanamnusisha kiatu na kumtia kijiko mdomoni. Mara ya mwisho alivunjika jino. Siku hiyo pia nilisema fanyeni kitu.

Nesi_ZamuYaUsiku

Shikamoo mama. Mate hayaambukizi, kifafa si ugonjwa wa kuambukiza kwa kumgusa mtu. Kiatu hakifanyi chochote, degedege linaisha lenyewe kwa muda wake, basi aliyeshika kiatu anajiona daktari. Kijiko ndicho kilichovunja jino. Ulimi haumezwi.

Ondoa vitu vigumu karibu yake, hapo kwenu ni mkasi, pasi na miguu ya cherehani. Weka nguo iliyokunjwa chini ya kichwa. Usimshike mikono wala kumkalia. Tazama saa. Akilegea, mlaze ubavu, mate yatoke. Atazinduka amechanganyikiwa, atakuwa na aibu, pengine amejikojolea, mfunike khanga na uwatawanye watazamaji. Ikizidi dakika 5, au likiisha na kurudi kabla hajazinduka, au ameumia, mleteni. Na mkumbushe dawa. Wengi wanaacha wakiona mwezi umepita salama.

FundiWaKibarazani

(Wiki mbili baadaye)

Narudi kutoa hesabu, kwa kuwa mlinipa muda wenu.

Kopo langu kubwa la biskuti, lililokuwa la vifungo, nimelimwaga. Ndani yake kuna vitambaa vya poplini nyeupe nilivyokata, nikachemsha, nikaanika juani, nikapiga pasi ya mkaa, nikavifunga vinne vinne kwenye mifuko ya mkate. Kuna mikanda mitatu ya drili, upana inchi 2 na nusu, nimeikunja pindo pande zote na kushona mishono mitatu, hiyo haikatiki hata ukiifungia ng'ombe. Kijiti ni mpini wa mwiko nilioukata, fundi seremala akacheka akaukwangua bure. Kuna kalamu ya wino mzito ya kuandikia saa. Glavu, duka la dawa waliniuzia jozi kumi, sikununua boksi zima. Elfu ishirini haikuisha, nilinunua na sabuni.

Juu ya kopo nimebandika karatasi yenye namba zile, na ya dereva mmoja wa kirikuu anayepaki karibu. Tuligombana kidogo kopo likae wapi. Mwenzangu wa cherehani ya pili, yule wa "usiguse", alitaka lifungiwe kabatini lisiibwe. Nikamuuliza ufunguo atakuwa nao nani siku hiyo. Linakaa juu ya meza, mwenye kuiba mpini wa mwiko na aibe.

Muongozaji alikuja Jumamosi, saa moja na nusu asubuhi kabla hatujafungua. Alituweka saba, pamoja na mama wa kahawa. Kijana wa viatu ndiye mpiga simu, na ameambiwa arudi aseme wamejibu nini. Mama wa duka anazuia magari kwa kreti, makreti yale yamepata kazi, na mlango wa nyuma sasa unafunguka. Zoezi la kubonyeza kifua tulifanya juu ya mto niliojaza vipande, juu ya sakafu. Nilipoteza hesabu mara tatu. Ndipo nikagundua kitu: mwendo wanaoutaka ni ule ninaokanyaga cherehani nikiwa nashona pindo refu bila kusimama. Kijana akashika saa ya simu, nikakanyaga kwa mguu na kubonyeza kwa mikono kwa pamoja, nikapata 54 kwa nusu dakika. Muongozaji akasema niache hapohapo, nisiongeze wala kupunguza. Goti linaniuma mpaka leo, sitawaficha.

Bado naogopa. Jana mtungi wa gesi ulianguka kwa kishindo kwenye mkokoteni na mimi nikatoa neno, "Jam...", likakwama, nikamnyooshea kidole kijana wa viatu. Hapakuwa na kitu, mtungi ulikuwa mtupu. Wakanicheka wote. Lakini alikuwa ameshatoa simu.

Yule kuli kumbe aliwahi kupitia mgambo, ndiko alikojifunza. Shati lake halikusafishika. Nimempima, nimemshonea jingine, kola nimeweka safu mbili. Alilipokea akaliangalia mishono kama mkaguzi, akasema mfuko angependa uwe upande wa kushoto. Nimebandua, nimehamisha.

Na mwenye kitenge alikuja siku ile ya Ijumaa. Gauni lilikuwa tayari. Sikuweza kunyamaza, nikamweleza kila kitu, kwamba mtu alikuwa anatoka damu na mimi nilishika kitambaa chake nikafikiria sendofu. Alinitazama muda mrefu. "Ungekikata, mama," akasema. "Ungekikata bila kuniuliza." Akakunja gauni, akalipa salio, akashuka ngazi mbili, akageuka. "Ila mita mbili ungenirudishia."